Siti za Boti na Kilicho Chini ya Reksini

Kusi likishika na bahari ikachafuka, boti nyingi za pwani hupata mapumziko. Za uvuvi wa mchezo wa Watamu na Malindi hupandishwa nchi kavu, na za kutembeza wageni Shimoni na Nungwi hupunguza safari. Mwenye boti hupata nafasi ya kukitazama chombo chake mchana kweupe, bila abiria na bila haraka. Huanza na injini, akaja kwenye bodi, akainama kutazama chini kulikoota chaza. Siti huja mwisho. Akiondoa taulo alizozitandika msimu mzima, anakuta reksini imeachana kwenye mishono na ina madoadoa meusi. Pembeni sponji inachungulia, imegeuka manjano, na akiibonyeza kwa kidole inatoka maji, ingawa leo ni siku ya tatu jua linawaka.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, ni juu ya siti hiyo. Kimeiua nini? Lini inafaa kutibiwa, na lini inafaa kuvuliwa nguo zote na kuvishwa upya?

Tuanze na nguo yenyewe. Fundi wa makochi wa Keko, mshonaji wa siti za matatu na yule wa siti za bodaboda pale kijiweni, wote huiita reksini. Jina hilo lilitoka Uingereza. Rexine ilikuwa chapa ya kitambaa kilichotengenezwa Hyde, karibu na Manchester: nguo iliyopakwa mchanganyiko wa selulosi, kisha ikagandamizwa ifanane na ngozi. Kinachouzwa leo Kariakoo kwa jina hilo ni kitu kingine kabisa. Ni plastiki ya PVC iliyolazwa juu ya kitambaa, ndugu wa damu wa bomba la maji.

Historia ya plastiki hii inamhusu kila mwenye boti. Mwaka 1872 mkemia wa Kijerumani, Eugen Baumann, aliacha gesi ya vinili kloridi ndani ya chupa. Jua likaipiga, na ndani ya chupa kukaganda kitu cheupe, kigumu. Hiyo ndiyo PVC, na kwa ugumu wake haikuwa na kazi ya maana. Mwaka 1926 Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Akron, Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Aliipasha moto PVC ndani ya viyeyushi, akapata kitu laini, kinachopindika na kuvutika. Gundi hakuipata, ila alifungua njia ya makoti ya mvua, mapazia ya bafuni na siti za magari, na baadaye za boti.

Ulaini huo ni wa kuazima. PVC hutiwa vilainishi, vimiminika vya kikemikali vyenye mafutamafuta ambavyo hukaa katikati ya plastiki bila kuungana nayo, kama samli ndani ya chapati. Joto likizidi, samli hutoka. Siti inayonata mapajani mchana wa Februari ni siti ambayo vilainishi vyake viko njiani kutoka. Vikiisha kutoka, reksini hurudia asili yake ya mwaka 1872: ngumu, yenye kukatika, na nyufa zake hufanana na matope ya bwawa lililokauka.

Na jua la kwetu halina mzaha. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu nyuzi 7, na huku jua hupita utosini mara mbili kila mwaka. Mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo ya PVC, rangi nyeupe ikageuka manjano, na uso wa juu ukaanza kuchunika. Jua ndilo lililoizaa plastiki hii ndani ya chupa ya Baumann, na jua ndilo linaloizika.

Jua hata hivyo halifanyi kazi peke yake. Losheni ya kujikinga na jua ambayo mgeni amejipaka huacha mafuta yake kwenye siti, na mafuta hayo huharakisha ule utokaji wa vilainishi. Dawa ya mbu yenye kiini cha DEET ni mbaya zaidi, kwa kuwa DEET inayeyusha baadhi ya plastiki. Alama ya kiganja kilichopakwa dawa hiyo inaweza kubaki kwenye reksini daima. Kuna pia mabaharia wanaosugua siti kwa petroli, tina au jiki isiyochanganywa na maji ili zing'ae kabla wageni hawajafika. Siti hung'aa kweli asubuhi hiyo. Kumbe kinachosuguliwa ni ule utando mwembamba wa juu uliowekwa kiwandani kuikinga, na ukishaondoka haurudi.

Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, brashi ya nyuzi laini, kisha kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukausha kwa kitambaa. Usafi wa kila siku hauhitaji zaidi ya hapo. Doa sugu la ukungu linaweza kuvumilia jiki iliyochanganywa na maji mengi, mradi isuuzwe papo hapo na isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya usafi.

Mara nyingi kinachokufa kwanza hata si reksini. Ni uzi. Uzi wa pamba huoza. Uzi wa nailoni una nguvu sana dukani, ila jua huudhoofisha haraka. Uzi wa poliesta hustahimili zaidi, na huo ndio wa boti. Kwa hiyo mwenye boti akiona siti imefunguka kwenye mshono, asiharakishe kuihukumu. Aikunje reksini kwa vidole viwili karibu na pale palipofunguka, aiachie. Ikirudi laini, bila mistari myeupe na bila kulia, bado ina uhai: ishonwe upya kwa uzi wa poliesta katika matundu yale yale ya zamani, itaendelea kutumika. Ikipasuka kwenye mkunjo, hakuna mshono utakaoishika.

Hali kadhalika kiraka. Tundu lililotobolewa na ndoana au kisu cha kukatia chambo linazibika vizuri: kipande cha reksini huingizwa kwa ndani, kikapakwa gundi ya vinili, na kingo za tundu zikalazwa juu yake. Rangi maalumu ya vinili nayo hurudisha sura ya siti iliyofifia. Lakini kuipaka rangi reksini iliyokauka na kupasukapasuka ni kuitupa rangi. Nyufa zitatokea tena mara tu mtu wa kwanza atakapokaa.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na katika siti ya boti msemo huu ni kweli neno kwa neno. Tuchukue siti ya pembeni ya boti ya fibaglasi ya futi 23, iliyofanya kazi miaka kumi. Kwa juu tatizo lake ni ufa mmoja wenye urefu wa kiganja. Mwenyewe ameshanunua mita mbili za reksini nyeupe, anataka fundi aibandike leo ili kesho boti iende majini. Fundi anayejua kazi yake hukataa kukata kitambaa kwanza. Hufungua skrubu, akaigeuza siti chini juu, akaiweka kwenye meza.

Kinachoonekana ni hiki. Pini za stepla zimekula kutu hadi nyingine zimebaki alama ya kahawia tu kwenye ubao, na kutu yake imechuruzika ndani ya kitambaa. Ubao ni plaiwudi ya kawaida, na tabaka zake zimeanza kuachana pembeni kama kurasa za kitabu kilicholowa. Fundi anachukua bisibisi, anaidunga karibu na tundu la skrubu, nayo inazama kama kwenye muhogo uliochemka. Anang'oa pini, anafunua reksini, harufu inamfikia kabla macho hayajaona: sponji nyeusi upande wa chini, nzito, na ikikamuliwa inatoa maji ya rangi ya chai.

Wengi hudhani bahari ndiyo iliyouozesha ubao ule. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda zaidi maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mkosaji mkubwa ni mvua ya masika iliyopenya kwenye mishono boti ikiwa imeegeshwa. Chumvi ina kosa la aina yake. Punje zake zikishaingia ndani ya sponji huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Ndiyo maana siti hutoa maji siku ya tatu ya jua. Haikauki, kwa sababu kila usiku inakunywa upya.

Tupige hesabu ndogo. Mto wa sentimita 50 kwa 50 wenye unene wa sentimita 10 una ujazo wa lita 25. Sponji karibu yote ni vitundu. Ikijaa maji nusu tu ya ujazo wake, ni kilo 12 na nusu. Boti yenye mito sita ya namna hiyo imebeba kilo 75 za maji, uzito wa mtu mzima, tena juu ya bodi, mahali ambapo uzito huyumbisha chombo zaidi kuliko ukiwa chini ngamani. Injini inayasukuma maji hayo kila safari, na mafuta yanalipiwa.

Kuna doa moja linalothibitisha habari hii yote. Ni doa la waridi, lile linalotokea juu ya reksini nyeupe kama vile mtu amemwaga sharubati. Watu hulisugua mpaka mikono ikauma. Halitoki, kwa sababu halikutoka juu. Vijidudu vinavyoishi kwenye sponji yenye unyevu hutengeneza rangi hiyo, rangi ikayeyuka ndani ya vilainishi vya reksini, ikapanda hadi usoni. Anayeiona rangi ya waridi anaonyeshwa hali ya sponji yake. Akibadilisha reksini peke yake na kuiacha sponji ile ile, doa litapanda tena kwenye kitambaa kipya alichokilipia.

Basi siti ijengwe kutoka chini. Ubao uwe plaiwudi ya daraja la baharini, ile iliyounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji na isiyo na mapengo kati ya tabaka zake. Ukatwe, utobolewe matundu yote kabla ya kupakwa chochote, kisha upakwe epoksi au rangi ya boti pande zote, kingo, na ndani ya kila tundu. Kingo ndizo hunywa maji, na ndizo mafundi wenye haraka huzisahau. Matundu ya kutolea maji nayo yawepo, kadhaa kwa kila mto, hasa upande unaoinama boti ikiwa imeegeshwa.

Juu ya sponji mafundi hawakubaliani. Wapo wanaoifunga sponji ya godoro kwa nailoni ili maji yasiingie. Hoja yao inaeleweka, lakini maji huingia tu kupitia matundu ya sindano, na yakishaingia nailoni huyafungia ndani. Waendesha bodaboda wanalijua jambo hili vizuri, maana siti iliyoshonwa juu hulowa mvua moja, na suruali hulowa siku mbili. Siti ya boti haiwezi kuzuia maji yote. Inachoweza ni kuyapa njia ya kutoka. Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, inunuliwe sponji ya vitundu vikubwa vilivyo wazi, ile ambayo maji hupita kama kwenye chujio. Isipopatikana, sponji ngumu ya vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, inafaa kwa siti za kupiga magoti na za kusimamia, ingawa kwa safari ndefu inaumiza makalio. Sponji ya godoro ikilazimu itumike, iwe ile nzito, na mto uwe wa kutolewa.

Reksini yenyewe ichaguliwe kwa kugeuzwa nyuma. Ya makochi mara nyingi ina kitambaa cha pamba au mchanganyiko, nacho huoza. Ya boti ina kitambaa cha poliesta, dawa ya kuzuia ukungu na dawa ya kupunguza makali ya jua. Upana wake wa kawaida ni inchi 54, yaani sentimita 137. Rangi iwe nyeupe au ya kukaribia nyeupe, kwa kuwa reksini nyeusi iliyopigwa jua la saa saba mchana huunguza mapaja ya mtoto. Ni kweli kwamba ya boti ni ghali kuliko ya makochi. Lakini siku za fundi, sponji, ubao, uzi na pini gharama yake ni ile ile kwa kitambaa chochote, na kitambaa hafifu humlazimu mtu kuzilipia zote tena baada ya misimu michache. Anayetaka kubana matumizi abane mahali pengine.

Nguo ya zamani isitupwe mapema. Fundi huifumua mshono kwa mshono, akaandika nyuma ya kila kipande kwa kalamu: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Hiyo ndiyo patani yake. Asikate kwa kuifuata kikamilifu, kwani reksini iliyopoteza vilainishi imesinyaa, na vipande vinaweza kuwa vimepungua. Kila kipimo kihakikishwe kwenye ubao na sponji mpya, na pembeni paachwe akiba ya kutosha kushikwa kwa mkono.

Kwenye cherehani, hatua ya sindano iwe ndefu kidogo, milimita 4 hadi 6. Fundi aliyezoea kushona mashati huweka hatua fupi akidhani ndiyo imara. Kwa reksini ni kinyume, kwa kuwa matundu yanayokaribiana huigeuza kuwa stempu ya posta, tayari kuchanika kwa mstari. Na mishono ipangwe mbali na sehemu ya kukalia, iwe ubavuni, mahali maji yanapoteremka badala ya kutuama.

Kisha huja kazi inayopendeza kuitazama. Fundi huianika reksini juani dakika chache mpaka ilegee, akaivisha juu ya sponji. Pini ya kwanza huipiga katikati ya upande wa mbele, ya pili katikati ya nyuma akivuta kwa kiganja, ya tatu na ya nne katikati ya kila ubavu. Kutoka hapo anakwenda kidogo kidogo kuelekea pembe, akibadilisha pande, kama mtu anayewamba ngoma. Pembe ni za mwisho. Anaikusanya reksini iliyobaki katika mikunjo midogo, mmoja baada ya mwingine, kila mkunjo unalala juu ya mwenzake, na kila mmoja anaushikilia kwa pini yake. Anageuza mto, anapitisha kidole gumba juu ya pembe. Kidole kisipokwama, anaridhika. Reksini ikipoa kivulini inajikaza yenyewe, na uso unanyooka bila kipele.

Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu au za moneli, aloi ya nikeli na shaba nyekundu. Sumaku ndogo husaidia dukani: pini ikinata kwa nguvu, hiyo ni ya chuma cha kawaida, na kwenye hewa ya chumvi itaanza kulia kahawia ndani ya miezi.

Hata hivyo si kila boti inahitaji siti za kupigiliwa. Mashua za Lamu zinazobeba wageni zina mbao za kukalia na mito iliyovishwa kitambaa, isiyofungwa popote. Mto ambao jioni huteremshwa pamoja na abiria, ukalala barazani chini ya paa, hukutana na jua na mvua kwa saa chache tu. Kwa boti ndogo iliyo wazi, mpango huu unashinda reksini yoyote ya madukani, na ni aibu kwamba umeachwa na wengi kwa kuwa siti za kushonwa zinaonekana za kisasa. Wenye siti za kudumu nao wanaweza kuiga nusu yake: jioni wainue mito isimame ubavu, hewa ipite chini, na kifuniko kiwe cha turubai linalopumua badala ya nailoni inayofuga ukungu.

Linabaki rundo la reksini kuukuu pale mchangani, na hapo pwani yote ina kosa la pamoja. Hukusanywa pamoja na sponji, ikamwagiwa mafuta ya taa, ikawashwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC halisi ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ile inayochoma macho na kubana kifua, na dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziorodhesha miongoni mwa kemikali za kudhibitiwa duniani kote kwa sababu hukaa muda mrefu kwenye udongo, samaki na miili ya watu. Lamu ilionyesha mwaka 2018 kwamba plastiki ya ufukweni inaweza kuwa chombo, pale FlipFlopi, jahazi lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda kwa taka za plastiki na kandambili zilizookotwa, liliposhushwa majini. Reksini haikubali njia hiyo kirahisi, maana plastiki na kitambaa vimeshikana. Lakini vipande vizima vinafaa kwa ala za visu, kwa mkoba wa vifaa, kwa kuzuia kamba isikwaruze bodi pale boti inapofungwa gatini. Kisichofaa kitu kifungwe, kipelekwe panapokusanywa taka za manispaa.

Wenye boti wa Mtwapa, Shimoni, Msasani na Nungwi, kusi hili mkifungua siti zenu, msiichome reksini ufukweni. Watoto wanacheza upande ule upepo unakokwenda.